Fundi, Mwalimu na Mtaalamu: Historia ya Kazi ya Kufundisha Gofu na Swali la Nani Anatambuliwa

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kazi ya kufundisha gofu tangu karakana za Uskoti za karne ya 19 hadi viwanja vya Afrika Mashariki. Yanajenga hoja kwamba ujuzi wa kufundisha mchezo huu ulianzia kwa wabeba fimbo na mafundi wa mipira, na kwamba aina ya chama iliyobuniwa kuwalinda watu hao ndiyo iliyokuja kutumika, upande wa Marekani, kuwafungia mlango baadhi yao. Kisa cha John Shippen kinapewa nafasi kubwa zaidi. Mwishoni makala yanaangalia istilahi za Kiswahili zinazomtaja mwalimu wa gofu na athari zake kwa sera za utambuzi wa ujuzi.

Utangulizi

Kanuni za gofu zina jambo moja ambalo mtu asiyeujua mchezo huu anaweza kulipita bila kulitilia maanani. Wakati raundi ikiendelea, mchezaji haruhusiwi kumwomba mtu yeyote ushauri kuhusu fimbo ya kuchagua au namna ya kuupiga mpira. Akifanya hivyo anaadhibiwa. Ukiacha mchezo wa watu wawili wanaoshirikiana, mtu pekee anayeruhusiwa kumshauri ni mbeba fimbo wake, yule ambaye viwanjani huitwa kedi. Jaji, waziri au mwenye kiwanda anapofika mbele ya shimo na kusitasita, sheria ya mchezo inamwelekeza kwa mtu anayemlipa ujira wa siku.

Kanuni hiyo inabeba kumbukumbu ya kihistoria. Waliotunga sheria za gofu walijua kwamba ujuzi wa uwanja ulikuwa kwa watu waliobeba mizigo, na waliuacha ukae huko. Lililobaki bila jibu ni lini na kwa masharti gani mtu wa namna hiyo angeitwa mwalimu.

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu anayejua jambo na kuwapa wengine ujuzi wake. Fundi ni neno lenye undugu na kitenzi funda, ambacho kimezaa pia fundisha, jifunza, mafunzo na mwanafunzi. Kwa hiyo hata kabla ya shule rasmi, lugha ilikuwa imekwisha kuunganisha mkono unaofanya na mdomo unaoelekeza. Mwalimu na mtaalamu yamepokewa kutoka Kiarabu na yote mawili yana mzizi wenye maana ya kujua. Kungwi anafunda wari faraghani, na kwa ada yake. Hata hivyo, linapokuja suala la michezo, Kiswahili sanifu kimeyaacha maneno yote hayo kando na kuchukua jozi nyingine: mchezaji wa ridhaa na mchezaji wa kulipwa. Kinachopimwa katika jozi hiyo ni fedha. Mtu anayecheza kwa hiari yake bila malipo yuko upande mmoja, na anayepokea ujira yuko upande wa pili, awe bingwa wa mashindano au mzee anayewafundisha watoto kushika fimbo.

Mtu anaweza kudhani kwamba huo ni upungufu wa istilahi zetu. Historia inaonesha vinginevyo. Kipimo cha fedha kilitangulia kipimo cha ujuzi huko huko gofu ilikokulia, na mwalimu wa gofu alichukua zaidi ya miaka mia moja kujinasua humo.

Fundi wa St Andrews

Mtu anayetajwa mara nyingi kuwa mchezaji wa kwanza wa kulipwa ni Allan Robertson wa St Andrews, Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1815 na kufariki mwaka 1859. Maisha yake hayakutegemea mashindano, kwa kuwa mashindano yenye zawadi ya maana hayakuwepo. Alikuwa fundi wa mipira. Mpira wa wakati huo ulikuwa kifuko cha ngozi kilichoshindiliwa manyoya ya ndege yaliyochemshwa, na ilihitaji nguvu nyingi na kifua kizima, kwa sababu fundi aliyekuwa akishindilia alivuta vumbi la manyoya siku nzima. Fundi hodari alimaliza mipira michache tu kwa siku, na bei yake iliwafukuza maskini uwanjani.

Mwanagenzi wa Robertson alikuwa Tom Morris, ambaye baadaye angejulikana kote kama Mzee Tom. Alishona mipira, alibeba fimbo za waungwana, alicheza nao wanapokosa mwenza, na akiona kosa katika mzunguko wa fimbo alilisahihisha. Hakuna aliyeliita hilo somo. Lilikuwa sehemu ya huduma, kama ambavyo fundi seremala wa pwani humwambia mteja wake mti gani unafaa kwa mlango bila kumdai ada ya ushauri.

Mwaka 1848 ulikuja mpira mpya uliotengenezwa kwa gutapacha, utomvu mgumu wa miti ya Malaya. Ulikuwa rahisi kuumba na bei yake ilikuwa ndogo. Robertson aliuona kuwa adui wa riziki yake, na Morris alipokutwa akiuchezea, wawili hao waliachana. Morris akahamia Prestwick mwaka 1851, na huko, mwaka 1860, wachezaji wanane walishindana katika yale ambayo leo ni Mashindano ya Wazi.

Athari kubwa zaidi ya gutapacha haikuwa mashindano. Mpira wa bei nafuu, pamoja na reli, ulileta viwanjani watu ambao hawakukulia kando ya gofu. Mtoto wa St Andrews alijifunza kwa kuiga: alimtazama mkubwa, akashika fimti iliyovunjika, akapiga jiwe. Mwanasheria wa London mwenye umri wa miaka arobaini hakuwa na utoto wa kurudia. Yeye alihitaji kuelezwa, tena kwa maneno, kwa nini mpira wake ulikwenda kulia. Hapo ndipo kazi ya kufundisha ilipoanza kujitenga na kazi ya kubeba na ya kushona, kwani sasa kulikuwa na mtu aliyekuwa tayari kulipia maneno yenyewe.

Waungwana ndio waliotangulia kuandika. Sir Walter Simpson alitoa kitabu chake mwaka 1887, na wengine wa tabaka lake walimfuata. Ilipofika mwaka 1896, Willie Park Mdogo, mtoto wa mshindi wa mashindano yale ya 1860 na mwenyewe bingwa mara mbili, alichapisha kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha gofu kuandikwa na mchezaji wa kulipwa. Kwa mtafiti wa lugha tukio hilo lina uzito wake: watu waliokuwa wakinukuliwa sasa walikuwa wakiandika.

Chama cha 1901

Heshima ilichelewa. Kwa miongo mingi mchezaji wa kulipwa hakuingia jengo la klabu kwa mlango wa mbele. Karakana yake ilikuwa nje, na ndani yake aliuza mipira na fimbo, alitengeneza zilizovunjika, na alipanga saa za kufundisha. Karakana hiyo ndiyo iliyompa sehemu kubwa ya kipato chake. Mwishoni mwa karne ya 19 baadhi ya klabu zilianza kumnyang'anya biashara hiyo: kamati iliuza mipira yenyewe, au ilikodisha haki ya duka kwa aliyetoa bei ya juu.

Mwaka 1901 gazeti moja la gofu la Uingereza lilichapa barua ya mchezaji wa kulipwa kutoka kaskazini mwa Wales, asiyetaja jina lake, akiwahimiza wenzake waungane. Mwaka huo huo Chama cha Wachezaji Gofu wa Kulipwa kikaundwa London. Mwenyekiti wake alikuwa J. H. Taylor. Taylor aliacha shule akiwa na umri wa miaka 11, akawa mtumishi katika nyumba ya familia tajiri na mbeba fimbo katika uwanja wa Westward Ho!, kisha mtunza uwanja, kabla ya kuwa bingwa wa Mashindano ya Wazi mara tano. Rais wa kwanza wa chama hicho alikuwa Arthur Balfour, ambaye mwaka uliofuata alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Wabeba fimbo wa jana walijua kwamba walihitaji jina kubwa juu ya karatasi yao.

Malengo ya chama yalikuwa ya kawaida kwa vyama vya wafanyakazi wa ufundi vya zama hizo: kulinda biashara ya wanachama, kuwa na mfuko wa kusaidiana katika maradhi na uzee, kuandaa mashindano, na kuwa wakala wa kuwatafutia wanachama kazi klabuni. Lengo hilo la mwisho ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini. Chama kinapokuwa wakala wa ajira, uanachama unakuwa cheti hata kabla ya mtihani wowote kutungwa. Klabu inayotafuta mwalimu haiulizi tena kama mtu anajua kufundisha. Inauliza kama yumo katika orodha.

Heshima yenyewe ilizidi kusubiri. Katika Mashindano ya Wazi ya Marekani ya mwaka 1920, klabu ya Inverness mjini Toledo, Ohio, iliwafungulia wachezaji wa kulipwa jengo lake. Wachezaji, wakiongozwa na Walter Hagen, waliishukuru klabu kwa kuipa zawadi ya saa kubwa ya kusimama. Saa hiyo ni ushahidi wa namna yake, kwani si kawaida watu wazima kutoa zawadi ya thamani kwa sababu tu wameruhusiwa kuingia mlangoni.

John Shippen na mlango uliofungwa baadaye

Gofu ilipovuka bahari na kuota mizizi Marekani katika miaka ya 1880 na 1890, ilibebwa na Waskoti. Klabu mpya ziliagiza walimu kutoka St Andrews, Musselburgh na Carnoustie kama zilivyoagiza fimbo. Mmoja wao, Stewart Maiden wa Carnoustie, aliajiriwa East Lake mjini Atlanta, na mtoto aliyekuwa akimfuata nyuma uwanjani na kuiga mzunguko wake alikuwa Bobby Jones. Jones alieleza mara nyingi kwamba alijifunza kwa kumtazama.

Mwingine aliyetazama ni John Shippen. Alizaliwa mwaka 1879 mjini Washington, mtoto wa mchungaji Mpresbiteri Mweusi aliyetumwa kuhudumia jamii ya wenyeji wa Shinnecock, katika kisiwa cha Long Island. Jirani na makazi yao ulijengwa uwanja wa Shinnecock Hills. Vijana wa Shinnecock walifanya kazi ya kuujenga, kisha wakawa wabeba fimbo. Mwalimu wa klabu, Mskoti Willie Dunn, aliwafundisha kucheza baadhi yao. Shippen alipanda haraka: alibeba fimbo, alitengeneza zilizovunjika, alitunza uwanja, akawa msaidizi wa Dunn na kuwafundisha wanachama. Alikuwa bado hajafikisha miaka kumi na saba.

Mwezi Julai 1896 Mashindano ya Wazi ya Marekani, ya pili katika historia yake, yalichezwa Shinnecock Hills. Shippen alijiandikisha, na rafiki yake Oscar Bunn, Mshinnecock, naye akajiandikisha. Baadhi ya wachezaji kutoka Uingereza na Uskoti walitishia kujitoa iwapo wawili hao wangecheza. Theodore Havemeyer, rais wa Shirikisho la Gofu la Marekani, aliwajibu kwamba mashindano yangefanyika pamoja nao au bila wao. Hakuna aliyejitoa. Katika raundi ya kwanza Shippen alipata mipigo 78 na kuwa miongoni mwa walioongoza. Katika ya pili, mpira wake ulikwama kwenye mchanga wa shimo la 13 na shimo hilo peke yake likamla mipigo 11. Alimaliza karibu na kilele hata hivyo.

Jambo linalofaa kuangaliwa katika kisa hiki si ubaguzi wa wapinzani wake pekee. Mwaka 1896 hapakuwa na chama chochote cha wachezaji wa kulipwa Marekani. Kijana Mweusi wa miaka kumi na sita aliweza kuajiriwa kuwafundisha matajiri wa New York kwa sababu kazi hiyo ilikuwa bado ya fundi: aliyeweza kuifanya aliifanya. Baada ya hapo Shippen alifundisha katika klabu kadhaa za mashariki mwa nchi, zikiwemo Maidstone na Aronimink.

Chama cha Wachezaji Gofu wa Kulipwa wa Marekani kiliundwa New York mwezi Aprili 1916 kwa mfano wa kile cha London. Kilianza bila kutaja rangi katika masharti yake. Mwaka 1928 kilimpokea Dewey Brown, fundi mashuhuri wa kutengeneza fimbo na mwalimu wa klabu, aliyekuwa Mweusi mwenye ngozi nyeupe kiasi. Mwaka 1934 uanachama wake ulifutwa bila maelezo. Kuanzia mwaka huo hadi Novemba 1961 katiba ya chama iliweka uanachama kuwa wa watu weupe tu.

Tunapaswa kuelewa kifungu hicho kilizuia nini hasa. Masimulizi mengi hukizungumzia kama kizuizi cha mashindano, kwa kuwa majina yanayokumbukwa ni ya washindani: Ted Rhodes na Bill Spiller, waliofungua kesi mwaka 1948 baada ya kuzuiwa kucheza Richmond, California; na Charlie Sifford. Lakini idadi kubwa ya wanachama wa chama hicho hawakuwa washindani. Walikuwa walimu wa klabu. Kifungu kilifunga orodha ambayo klabu zilitumia kuajiri, na kwa hiyo kiligusa riziki za watu ambao hawakuwahi kuota kombe lolote. Sifford mwenyewe, kabla ya kufunguliwa milango, aliishi kwa miaka mingi kwa mshahara wa mwimbaji Billy Eckstine, akimfundisha gofu na kumwendeshea gari. Alikuwa mwalimu wa kulipwa kwa maana zote za maneno hayo isipokuwa ya chama.

Shippen alikwenda Shady Rest, klabu ya Wamarekani Weusi huko Scotch Plains, New Jersey. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960 alikuwa huko mwalimu na mtunza uwanja. Alifundisha, alikata nyasi, alitengeneza fimbo. Yaani mtu aliyekuwa katika mstari wa mbele wa kazi mpya mwaka 1896 alirudishwa katika hali ya Allan Robertson, akifanya kila kitu kwa mikono yake katika karakana moja, wakati wenzake weupe wakijenga taaluma yenye ngazi na mikataba. Alifariki mwaka 1968.

Kifungu kilianguka kwa nguvu ya nje. Stanley Mosk, Mwanasheria Mkuu wa California, alikitaarifu chama kwamba kisingeruhusiwa kuandaa mashindano katika viwanja vya umma vya jimbo hilo kikiwa na sharti la rangi. Mashindano makuu ya chama ya mwaka 1962, yaliyokuwa yamepangwa kuchezwa Los Angeles, yakahamishiwa Pennsylvania, katika klabu ya Aronimink, ile ile aliyowahi kufundisha Shippen. Novemba 1961 wajumbe walikifuta. Mwaka 2009 chama kilimpa Shippen uanachama, pamoja na Rhodes na Spiller, wote wakiwa wamekwisha kufa.

Mwalimu atenganishwa na mshindani

Katika miaka hiyo hiyo swali la pili lilikuwa likiiva: je, anayefundisha ni lazima awe anayeshinda? Ernest Jones, Mwingereza wa klabu ya Chislehurst, alipoteza mguu wa kulia chini ya goti katika Vita Kuu ya Kwanza. Aligundua kwamba bado aliweza kuupiga mpira vizuri, na akahitimisha kwamba mafundisho yaliyokuwa yakihesabu kila kiungo cha mwili yalikuwa yamekosea mahali fulani. Alihamia Marekani na kufundisha kwa miaka mingi ndani ya jengo la Fifth Avenue, New York, mahali pasipo na unyasi hata mmoja. Chombo chake kilikuwa kisu kidogo cha mfukoni kilichofungwa kwenye ncha ya leso. Ukikizungusha kwa utulivu, leso inanyooka na kisu kinafuata. Ukilazimisha, leso inakunjamana. Mwanafunzi aliona kosa lake kabla ya kuambiwa.

Mwaka 1968 washindani wakubwa wa Marekani, wakigombea mgawo wa fedha za televisheni, walijitenga na chama cha 1916, na mwishoni mwa mwaka huo wakapewa kitengo chao wenyewe kilichokuja kuwa taasisi huru. Ugomvi ulikuwa wa fedha, lakini matokeo yake yalikuwa ya dhana. Chama kilichobaki kilikuwa cha walimu na wasimamizi wa klabu. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Ferris State, Michigan, kilianzisha programu ya kwanza ya shahada ya usimamizi wa gofu iliyotambuliwa na chama hicho.

Hata hivyo, mabaki ya zamani hayajaondoka. Anayetaka kuwa mwanachama anapewa jaribio la kucheza mashimo 36 kwa siku moja, na alama anayotakiwa kuifikia hukokotolewa kwa kuzidisha mara mbili kiwango cha ugumu wa uwanja na kuongeza 15. Mtu wa kawaida anayecheza mwishoni mwa juma hawezi kuifikia. Wanaoutetea utaratibu huo wanasema kwamba mwanafunzi hatamwamini mwalimu asiyeweza kuupiga mpira. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa leso ya Jones inaipunguza kidogo.

Entebbe, Nairobi na lugha ya amri

Klabu ya gofu ya Entebbe inahesabu kuanzishwa kwake tangu mwaka 1901, mwaka ule ule wa chama cha London. Ile ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906. Uskoti, uwanja ulianza kama mahali pa wazi ambapo mtoto wa fundi aliweza kupita. Afrika Mashariki, gofu ilifika ikiwa tayari na ua. Wanachama walikuwa maofisa, walowezi na wafanyabiashara wa Kizungu, na Mwafrika aliingia uwanjani akiwa na mzigo begani au jembe mkononi.

Lugha ya mahali hapo inastahili utafiti wake. Nchini Kenya mlowezi na mfanyakazi walikutana mara nyingi katika kile kilichoitwa Kisetla, Kiswahili kilichopunguzwa viambishi na kujaa vitenzi vya kuamuru. Kitabu cha F. H. Le Breton cha Kiswahili cha bara, kilichotoka katika miaka ya 1930, kilitangaza katika jina lake kwamba kiliandikwa kwa ajili ya askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Mfanyakazi hakutajwa kuwa msomaji. Lugha hiyo ilikuwa na nafasi ya leta, shika, ngoja. Lakini kanuni ya gofu, kama ilivyoelezwa mwanzoni, ilidai kinyume: ilimtaka bwana amwulize mtumishi, naye mtumishi atoe maelezo. Mteremko unaelekea wapi. Upepo una nguvu gani juu ya miti. Fimbo ipi itafika. Ni vigumu kutoa maelezo ya namna hiyo kwa vitenzi vya amri. Gofu ilikuwa miongoni mwa sehemu chache za maisha ya kikoloni ambapo mtu aliyezoeshwa kupokea amri alitakiwa, kwa mujibu wa sheria, kutoa rai.

Baada ya uhuru milango ilifunguliwa kwa viwango tofauti. Mashindano ya Wazi ya Kenya yalianza mwaka 1967 na kuleta wachezaji wa Ulaya. Mshindi wa mwaka 1978 alikuwa Severiano Ballesteros, Mhispania aliyekulia katika kijiji cha Pedreña akibeba fimbo za wanachama na kujifunza ufukweni kwa fimbo moja. Miongoni mwa waliokuwa wakimtazama walikuwamo wabeba fimbo wa Nairobi, ambao njia yao ya kuufahamu mchezo haikuwa tofauti na yake. Wengi wa wachezaji wa kulipwa waliotokea Kenya, Uganda na Tanzania tangu wakati huo walianza kwa kubeba fimbo, na wengi wao wanaishi kwa kufundisha zaidi kuliko kwa zawadi za mashindano.

Istilahi na fomu ya maombi

Hapa ndipo jozi ya ridhaa na kulipwa inapoleta tatizo la kiutendaji. Kanuni za kimataifa zinasema kwamba mchezaji wa ridhaa anayepokea malipo kwa kufundisha anapoteza hadhi hiyo, isipokuwa katika mazingira machache yaliyoainishwa. Kwa Kiswahili cha magazeti, mtu huyo sasa ni mchezaji wa kulipwa, na msomaji anategemea kuona jina lake katika orodha ya washindani. Asipoliona anamhesabu kuwa ameshindwa. Hali hiyo inafanana na ile ya Marekani kabla ya 1968, ambapo neno moja lilibeba kazi mbili na mwalimu akapimwa kwa kombe ambalo hakuwa akiligombea.

Kamati za istilahi zina nafasi ya kutenganisha. Mwalimu wa gofu linaeleweka na kila mtu, lakini linamweka pamoja na yeyote anayefundisha, awe na idhini au asiwe nayo. Mkufunzi limekwisha kuzoeleka katika vyuo na lina faida ya kutoka katika ukoo ule ule wa funda na fundi. Linaweza kutengwa kwa ajili ya aliyesajiliwa. Mtaalamu linavutia, ila katika matumizi ya leo linaashiria shahada, na likichukuliwa litamfanya mbeba fimbo wa miaka thelathini aonekane mgeni katika kazi yake mwenyewe. Kwa maoni ya makala haya, mkufunzi ndilo lenye hoja nzito zaidi, mradi sheria inayolitumia isilifungie kwenye shahada.

Nchi za ukanda huu zimekuwa zikijadili na kutekeleza, kwa kasi tofauti, utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mafundi seremala, waashi, makanika na wapishi wamepimwa kazini na kupewa vyeti. Mwalimu wa gofu aliyetokana na kubeba fimbo ni mtu wa namna hiyo hiyo, na mambo matatu yatamhusu moja kwa moja: kama atapimwa kwa kucheza au kwa kufundisha, kama atapimwa kwa lugha anayofundishia au kwa lugha ya klabu, na kama orodha itakayotokana na upimaji huo itashikwa na klabu zenyewe au na chombo kinachowajibika kwa umma. Jambo la tatu ndilo ambalo kisa cha 1934 kinalieleza vizuri kuliko jingine lolote, kwa kuwa kifungu kile hakikupitishwa na bunge wala mahakama. Kilipitishwa na wanachama.

Fomu ya kawaida ya maombi huanza na jina, tarehe ya kuzaliwa, kiwango cha elimu na alama za mchezo. Miaka ambayo mwombaji amebeba fimbo haina mstari wake, wala idadi ya watu aliowafundisha. Mtu aliyekaa Shady Rest miaka thelathini akijaza fomu ya namna hiyo angeacha sehemu kubwa ya ukurasa ikiwa tupu.